Kwa nini tajiri wa Pompeii alikula chakula huku akitazama mtu anayekaribia kuraruliwa?

BahariaMstaafu

Wakuu, heshima mbele.

Nimefanya kazi melini miaka mingi, na baharia akishuka bandarini hutafuta vitu viwili, wali na laini ya simu. Safari moja tukakwama Napoli siku nne tukisubiri kipuri cha injini. Siku ya pili nikaona nitazeekea kitandani, nikapanda treni inayozunguka miguuni mwa mlima Vesuvius, ikanishusha karibu kabisa na lango la Pompeii.

Habari ya mji wenyewe wengi mnaijua. Mwaka 79 mlima ulilipuka, mji ukafukiwa kwa majivu na vijiwe, mikate ikiwa bado tanuruni. Sirudii hapo. Nataka niwaambie nyumba moja tu, kwa sababu tangu siku ile haijanitoka kichwani.

Inaitwa Nyumba ya Vettii. Wenyewe ni Aulus Vettius Conviva na Aulus Vettius Restitutus, na inaaminika walikuwa watumwa walioachwa huru, wakatajirika kwa mvinyo. Aibu hawakuwa nayo. Mlangoni unapokewa na picha ya mungu Priapus, uume wake mkubwa kama mkono ameulaza kwenye mizani, upande wa pili wa mizani kuna mfuko wa pesa. Ukumbini kulikuwa na makasha mawili ya kuwekea fedha, yamewekwa pale pale mgeni anapopita. Yaani kabla hujakaribishwa maji umeshajua mwenyeji ana hela.

Ndani kuna chumba chenye kuta za njano, wengi wanaamini kilikuwa cha kulia na wageni. Kuta tatu, picha tatu. Ya kwanza, Hercules akiwa mtoto mchanga anakaba nyoka wawili. Ya pili, mwanamke anaitwa Dirce anafungwa kwenye fahali ili aburuzwe. Ya tatu ni Pentheus, mfalme aliyemkataa mungu wa mvinyo. Yuko uchi, goti moja chini, mikono ameitanua. Wanawake wamemzunguka. Mmoja amemshika nywele. Nyuma yake mwingine ameinua jiwe kubwa kwa mikono miwili juu ya kichwa. Na katika wanaomuua yumo mama yake mzazi, ambaye mungu amempumbaza hamtambui mwanawe.

Sasa swali langu. Wewe umealika watu, umechinja, mvinyo upo, halafu nyuma ya mgeni wako umechora hivyo. Kwa nini?

Na kuna kitu kingine. Nilisogea hadi kwenye kizuizi nikamtazama sana yule Pentheus. Hana jeraha hata moja. Jiwe liko hewani bado.

KijanaWaKariakoo

Uzi bila picha mkuu ni chai. Weka picha.

BahariaMstaafu

Simu iliyokuwa na picha ilizama Mombasa pamoja na suruali. Itabidi mtumie macho yangu.

MzalendoHalisi

Yaani watu wazima mnakaa kujadili masanamu ya miungu ya Wazungu waliokufa. Sukari imepanda bei hamjaona?

BahariaMstaafu

Tumeona mkuu. Uzi wa sukari uko ukurasa wa kwanza, una kurasa arobaini, na bei haijashuka.

MwalimuChaki

Baharia umeniamsha. Mimi nafundisha historia sekondari na hili jambo nimelisoma kwa mapenzi tu, halimo kwenye mtihani wowote.

Angalia kwanza picha zako tatu. Zote ni visa vya mji mmoja, Thebes ya Ugiriki. Kwa hiyo hazikuokotwa ovyo, kuna mtu alizipanga. Mgeni mwenye elimu alitakiwa akae, atazame, ashtuke kwamba zinaongea lugha moja, aanze kusema. Tajiri aliyekuwa mtumwa jana anaonyesha kwamba anawajua Wagiriki kuliko hata waliozaliwa huru. Ni kama zamani mtu kununua seti nzima ya vitabu vinene na kuviweka kwenye kabati la kioo sebuleni.

Mwaka 2024 walifukua ukumbi mwingine wa kulia, kuta nyeusi tii, na juu ya weusi huo wamechorwa Helen na Paris, pia Apollo akimtongoza Cassandra. Mkurugenzi wa hifadhi ya Pompeii, Gabriel Zuchtriegel, alieleza mambo mawili. Weusi ulikuwa wa kuficha masizi ya taa za mafuta, na wale wapenzi wa hadithi walikuwa pale kuwapa wageni la kuzungumza. Mimi nimeipenda ile ya masizi. Mtu anaanza na tatizo la taa, anaishia na ukumbi wa kifahari.

Hilo la jiwe kuwa hewani umeona vizuri. Wachoraji wa Kirumi walipenda sana kuisimamisha hadithi kabla ya damu. Kuna picha ya Medea, mama mmoja wa hadithi za Kigiriki, kutoka nyumba iitwayo ya Dioscuri, sasa iko makumbusho ya Napoli. Watoto wake wawili wanacheza vifupa, kama watoto wetu wanavyocheza kete, mlezi wao mzee amesimama mlangoni anawaangalia. Mama amesimama pembeni, mkono kwenye upanga. Basi. Anayejua kisa anajua watoto hao hawamalizi mchezo.

BintiMakunduchi

Subhanallah. Hiyo ya vifupa imenikaa vibaya.

KijanaWaKariakoo

Kwa nini anawaua wanawe?

MwalimuChaki

Mume amemwacha anaoa binti wa mfalme. Aliacha kwao kwa ajili ya huyo mume, akamsaidia kuiba ngozi ya dhahabu. Kisa kirefu.

Ila inayonisumbua mimi ni ya Iphigenia, kutoka Nyumba ya Mshairi wa Misiba, ile yenye mozaiki, yaani picha ya vijiwe, ya mbwa mlangoni na maandishi ya kutahadharisha. Wagiriki wanataka kwenda vitani Troia, upepo hakuna, mpiga ramli anasema mungu wa kike Artemis anamtaka binti wa jemadari Agamemnon awe kafara. Pichani watu wawili wamembeba binti, mikono yake iko juu anaomba. Kulia mpiga ramli ameweka kidole mdomoni kama mtu aliyeanza kuingiwa na shaka. Baba yuko kushoto, amejifunika nguo kichwa kizima. Uso wake huuoni.

Pliny Mkubwa, ambaye ndiye huyo huyo aliyekufa katika mlipuko wa Vesuvius, aliandika kuhusu mchoraji wa Kigiriki Timanthes kwamba alichora nyuso zote za huzuni akazimaliza, ikabaki ya baba, akaona heri aifunike. Picha ya Pompeii inadhaniwa imefuata wazo hilo.

BintiMakunduchi

Mwalimu, hii si ndiyo ya Nabii Ibrahim kabisa? Mzazi, mtoto, kisu.

MwalimuChaki

Ngoja uone. Juu kwenye mawingu ya picha hiyo kuna Artemis, na kuna paa analetwa. Katika masimulizi mengine mungu anambadilisha binti kwa paa dakika ya mwisho. Wetu alipata kondoo.

Tofauti iko kwa baba. Ibrahim anatazama anachofanya, Agamemnon kajifunika.

FundiChokaa

Mimi nasoma kimya tangu asubuhi. Mambo ya hadithi mtaniambia wenyewe, swali langu ni la kazi. Nimepaka nyumba mwaka juzi kwa rangi ya ndoo ya bei mbaya, mvua mbili, imebambuka kama ngozi ya muhogo uliochemshwa. Hao wamefukiwa karibu miaka elfu mbili, rangi iko. Walipaka nini?

MwalimuChaki

Fundi, walipaka ukuta ukiwa mbichi. Wanaita fresko.

FundiChokaa

Haa. Basi nimeelewa, na niwaelezee wengine maana hapa ndipo chakula changu.

Chokaa haikauki kama uji unavyokauka. Unachoma jiwe, huku pwani tulikuwa tunachoma matumbawe kwenye tanuu la magogo. Unalizima kwa maji, linachemka na kutoa moshi. Halafu unaliacha lilale, miezi, babu yangu alikuwa akitukana mtu anayetaka kutumia chokaa ya juzi. Ukishalipiga ukutani linavuta hewa ya kaboni dayoksaidi taratibu na kurudi kuwa jiwe. Ukipaka rangi wakati huo, jiwe linajifunga juu ya rangi. Rangi inakuwa ndani ya ukuta. Ya ndoo inakaa juu kama shati.

Ila hiyo ni kazi ya roho mkononi. Lipu ikianza kukaza umekwisha.

MwalimuChaki

Babu yako angeelewana na Warumi. Pliny anasema sheria za zamani za ujenzi zilimkataza mkandarasi kutumia chokaa iliyolala chini ya miaka 3. Na Vitruvius, mhandisi wa enzi za mfalme Augustus, anataka ukuta upigwe lipu ya chokaa na mchanga mara tatu, halafu juu yake mara tatu tena ya chokaa na unga wa marumaru, hadi ung'ae.

FundiChokaa

Mara sita??? Mteja wangu nikimwambia mara mbili anaita fundi mwingine.

MwalimuChaki

Na waliokuwa wakikwepa walikuwepo, nyumba nyingi hazifiki sita.

Kuhusu roho mkononi, walianza juu wakishuka kwa mikanda, ili maji na rangi visichafue palipokwisha. Tunajua kwa sababu kuna nyumba Pompeii mafundi walikimbia kazi ikiendelea, inaitwa Nyumba ya Wachoraji Kazini. Vibakuli vya rangi vilikutwa pale. Sehemu ya juu ya ukuta imekamilika. Picha ya katikati, ile ya hadithi ambayo angepewa bingwa wao, ilikuwa mistari ya kuanzia tu.

Kulikuwa na ngazi katika kazi, ndiyo. Tangazo la bei la mfalme Diocletian la mwaka 301 linaweka ujira wa juu kwa siku, fundi wa kupaka ukuta dinari 75, mchoraji wa picha za watu dinari 150. Wa mozaiki walikuwa chini, 50 au 60.

FundiChokaa

Mwenye kuchora watu mara mbili ya mwenye kupiga ukuta. Halafu ukuta ukianguka wanaulizwa nani? Mambo hayajabadilika.

KijanaWaKariakoo

Nimegugo Andromeda baada ya kuona mnataja hadithi. Inasema ni binti mfalme wa ETHIOPIA. Halafu picha ya Pompeii mweupe kama karatasi. Wakuu tumeibiwa tena?

MzalendoHalisi

Sasa ndio mnaongea. Wametunyang'anya hata binti mfalme.

MwalimuChaki

Polepole. Kwanza, Ethiopia ya Wagiriki haikuwa na mipaka ya nchi ya leo. Lilikuwa jina la nchi za kusini mwa Misri, za watu weusi. Hapo uko sahihi, Cepheus baba yake ni mfalme wa huko.

Pili, mtaani Roma waliijua rangi yake. Mshairi Ovid ana mstari ambamo mwanamke anajitetea: kama mimi si mweupe, mbona Andromeda alimpendeza Perseus, shujaa aliyemwokoa na mnyama wa baharini, ilhali Andromeda alikuwa mweusi kwa rangi ya nchi yake.

Tatu, rangi hazikuwapungukia. Herculaneum, jirani na Pompeii, kuna picha ya ibada ya Isis, mungu wa kike wa Misri, yenye watu weusi waziwazi.

Kilichotokea ni desturi ya mafundi. Mwanamke mrembo alichorwa mweupe, mwanamume hudhurungi, awe anatoka wapi. Katika picha unayoisema Perseus ndiye mweusi wa wawili. Mchoraji hakuwa na nia ya kuiba, alifungua daftari la michoro ya Kigiriki akanakili.

MzalendoHalisi

Anayenakili wizi naye ni mwizi.

MwalimuChaki

Siwezi kukubishia sana. Lakini sikia hii halafu useme. Kuna riwaya ya Kigiriki ya kale ya mtu anaitwa Heliodorus. Malkia Persinna wa Ethiopia, mweusi, mumewe mweusi, anajifungua mtoto mweupe pee. Anajua atahukumiwa kwa uzinzi, anamtoa mtoto na kumwachia barua. Maelezo yake ni kwamba chumbani mwao ukutani kulikuwa na picha ya Andromeda, na wakati mimba inatunga yeye alikuwa anaitazama.

Yaani hata ndani ya hadithi, katika jumba la kifalme la watu weusi, bibi yao wa ukoo ukutani ni mweupe, na hakuna anayeuliza kwa nini.

BintiMakunduchi

😂😂 Mwalimu, sisi tunaambiwa mjamzito akimchukia mtu, mtoto anatoka kafanana naye. Mimi mwanangu wa pili ana pua ya jirani yetu ambaye sikuwa nasalimiana naye, na mama mkwe ndiye aliyenitetea kwa maneno hayo hayo. Kumbe Persinna alikosa mkwe.

BahariaMstaafu

Uzi umenipita, nilikuwa msibani. Mwalimu, hiyo ya Perseus na Andromeda si inavunja hoja ya "kabla ya damu"? Niliiona Napoli. Mnyama wa baharini ameshakufa, yuko chini pale. Perseus anamshika mkono binti ashuke mwambani, na mkono wa pili anaficha nyuma ya mgongo kichwa cha Medusa, yule ambaye ukimtazama unageuka jiwe.

MwalimuChaki

Inaivunja, sawa. Hapo kazi imekwisha.

BahariaMstaafu

Ila kichwa kile akikileta mbele tu binti anageuka jiwe. Mimi nilitazama mkono ule wa nyuma zaidi ya ule wa mbele.

AlieLeicester

Nachelewa kufika. Huku Uingereza, jimbo la Rutland si mbali na ninapoishi, mwaka 2020 wakati watu wamefungiwa ndani, mtoto wa mwenye shamba aliokota vigae kwenye mazao. Walipochimba wakakuta sakafu ya mozaiki, mita 11 kwa 7 hivi. Ni Achilles na Hector wa vita ya Troia, mapande matatu: wanapigana, Achilles anaburuza maiti ya Hector kwa gari la farasi, halafu baba yake Hector anakomboa maiti kwa dhahabu. Mizani kubwa, mwili upande mmoja, dhahabu upande wa pili. Sakafu wameifukia tena ili isiharibike, sisi tunaona picha tu.

MwalimuChaki

Na mizani hiyo kwa Homer, mshairi wa Kigiriki aliyesimulia vita hiyo, haimo. Kwake Achilles anatamba tu kwamba hata wakimpimia uzito wa Hector kwa dhahabu hatamtoa. Mafundi wa Rutland walifuata simulizi nyingine ambamo mizani ilitundikwa kweli. Ndiyo maana sakafu ni za kusomwa kama vitabu.

KijanaWaKariakoo

Mozaiki si ndio zile marumaru zilizovunjika tunapanga uani?

FundiChokaa

Ndugu yake wa mbali. Zile unapanga upendavyo na kujaza grauti. Hizo za kwao wanakata jiwe kwa jiwe.

BahariaMstaafu

Kijana, nenda Tunis siku moja, jumba la makumbusho la Bardo. Hapo mozaiki ni nyingi kuliko nilivyowahi kuona, na ni Afrika yetu hii, mafundi wa Afrika Kaskazini ndio walikuwa mabingwa. Nilikwenda kwa ajili ya moja tu, imetoka mji wa Dougga, ya Ulysses, nahodha wa hadithi za Kigiriki, na ving'ora.

Ving'ora ni viumbe, wanawake wenye miguu ya ndege, wanaimba baharia anasahau usukani, chombo kinavunjika mwambani. Ulysses alitaka kusikia asife. Akawaziba mabaharia wake masikio kwa nta, yeye akafungwa kwenye mlingoti. Katika mozaiki amesimama, mikono nyuma, ananyoosha uso kuelekea kwao. Wao wako kulia juu ya mwamba, mmoja ana filimbi, mwingine kinanda. Na mabaharia wamegeukia upande mwingine kabisa.

Nilisogea karibu. Uso wa Ulysses ni vijiwe vidogo kama punje za mchele, vyeupe, vya waridi, vya kahawia. Kwa karibu hakuna mtu pale, kuna kokoto. Ukirudi nyuma hatua nne, jamaa anateseka. Na wale wasiosikia kitu wana sura ya watu wa zamu ya usiku, wanajua tu kwamba nahodha ana mambo yake. Hao ndio sisi.

BintiMakunduchi

Na zile zinazoibwa? Nilisikia za Uturuki.

MwalimuChaki

Zeugma, kando ya mto Furati. Mji ulikuwa unakwenda kumezwa na maji ya bwawa la Birecik mwaka 2000, wakaokoa walichoweza, sasa ziko Gaziantep. Kuna uso wa binti mmoja wanamwita Msichana wa Kijipsi (Gypsy Girl), macho yanakufuata. Sehemu kubwa ya sakafu yake ilikuwa imeshaporwa miaka ya 60. Vipande 12 vilinunuliwa na chuo kimoja Ohio, Marekani, mwaka 1965, vikawekwa sakafuni, na vilirudi Uturuki 2018.

KijanaWaKariakoo

Baharia, kuta za njano za Pentheus, lakini kila picha ya Pompeii ninayoona ni nyekundu.

BahariaMstaafu

Hilo niliambiwa na mlinzi wa pale kwa ishara nyingi. Udongo wa njano ukipata joto kali unageuka mwekundu. Wataalamu wanasema sehemu ya wekundu mnaouona Pompeii ulikuwa njano, hewa ya moto ya mlima ikaubadilisha siku ile.

FundiChokaa

Wakuu, nimejaribu. Mnicheke.

Nimechukua tofali la saruji, nikalipiga lipu ya chokaa na mchanga, juu chokaa laini iliyochekechwa kwa kanga ya mke wangu. Ikiwa bado mbichi nikapaka rangi tatu, udongo mwekundu wa barabarani, masizi ya sufuria, na manjano ya jikoni. Leo siku ya sita nimesugua kwa kitambaa cha maji.

Udongo haujatoka hata chembe. Umekuwa jiwe. Masizi yametoka upande mmoja, pale nilipochelewa kwa sababu simu iliita. Manjano sasa. Manjano yaligeuka mekundu nikiyaangalia, kabla sijainua brashi. Baharia, ukuta wangu umetoka njano ukawa mwekundu na volkano sina.

MwalimuChaki

Manjano ni ya mmea, ukali wa chokaa mbichi ndio umeyageuza. Wao walitumia udongo wa njano, chokaa hauutishi. Utafute udongo.

FundiChokaa

Udongo nitapata. Ila mama watoto anauliza manjano yake ya pilau yako wapi, na kanga nayo ameiona.